Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Sola, Mtandao na Vyuo Vikuu Vyetu

(Hotuba niliyoitoa Lamu mwezi wa saba, mbele ya wahadhiri, mafundi na wanafunzi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeondoa tu pale nilipokatizwa na punda.)

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, wahadhiri mliovuka maji kuja kutuona, mafundi wenzangu, mama zangu mliokaa upande wa dirishani penye upepo, mmechagua vyema, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya vyuo vikuu kushirikiana kufundisha teknolojia ya sola kwa njia ya mtandao. Nitasema. Ila niruhusuni nianze na friji ya shangazi yangu, maana yote ninayoyajua juu ya jambo hili yalianzia pale.

Miaka kadhaa nyuma nilijiunga na somo la sola la mtandaoni, la chuo kikuu kimoja cha Ulaya. Bure. Kila usiku baada ya Isha nilipanda darini, ndipo mtandao unapokamata nyumbani kwetu, nikimsikiliza mhadhiri akieleza jinsi mwanga unavyoing'oa elektroni ndani ya silikoni. Wiki nane. Nikafanya mtihani, nikafaulu, nikaletewa cheti chenye nembo. Nilikichapisha kwa rangi, shilingi 50.

Shangazi yangu, huko kijijini kwake kisiwani Pate, huuza maji ya ukwaju na barafu. Aliponiona na kile cheti akaniuliza, "Mwanangu, karatasi hii yafanya nini?" Nikamjibu: yafanya friji. Mwezi wa Desemba nikamfungia paneli mbili, betri mbili, kontrola ya kusimamia chaji na friji ndogo ya volti 12. Mhadhiri alisema paneli ielekee kusini na iinuliwe digrii 35. Nikaenda kwa mchomeleaji, akanitengenezea fremu ya chuma ya digrii 35. Nilizipima kwa simu mara tatu.

Kaskazi ilikuwa yavuma, joto kali, kila mtu ana kiu. Friji ikagandisha barafu hadi watoto wakawa wanakuja kuitazama. Nilitembea kijijini kifua mbele.

Ulipoingia mwezi wa sita, friji ikaanza kuugua. Ikifika Magharibi betri zimekwisha. Nikaunga nyaya upya. Nikafungua kontrola, nikaifunga. Nikamshauri shangazi anunue betri mpya, akanunua, kwa pesa zake za upatu. Friji ikazidi kuzima. Shangazi hakunigombeza. Alinyamaza tu, na mwawajua shangazi wanaponyamaza.

Siku moja nimekaa barazani nimejiinamia, akapita mzee mmoja, nahodha wa zamani, kikombe cha kahawa mkononi. Akatazama juu.

"Vioo vyako hivyo vyaangalia wapi?"

"Kusini, babu."

"Na upepo huu watoka wapi?"

"Ni kusi, babu. Watoka kusini."

"Basi yua li wapi?"

Jua li wapi? Sikuwa na jibu. Mimi, mwenye cheti cha rangi. Akanywa kahawa yake taratibu, akasema, "Upepo ukitoka kusini, yua limehamia kaskazini. Kaskazi ikivuma, yua liko kusini. Hayo mawili hayakai nyumba moja. Wewe umelipa yua mgongo." Akaenda zake.

Usiku ule nikachukua daftari nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga Desemba. Lamu iko kusini ya ikweta kwa digrii mbili na robo hivi. Tarehe 21 Juni, jua la adhuhuri hapa liko upande wa kaskazini wa utosi kwa digrii karibu 26. Paneli zangu zimeinamia kusini digrii 35. Jumlisha: jua liko kwa pembe ya digrii 61 kutoka pale paneli zinapotazama, na kwa pembe hiyo paneli hupata nusu tu ya mwanga wa moja kwa moja. Kama ningezilaza chali kama mkeka, zingepata asilimia 90. Kama ningeziinua digrii 10 tu kuelekea kaskazini, asilimia 96. Mwezi wa Desemba, jua likiwa upande wa kusini, fremu yangu ilikuwa ikipata 97, ndiyo maana nilijiona bingwa. Na mwezi wa sita ndio huo huo wenye mawingu, kwa hiyo nusu yenyewe haikuwa nusu kamili.

Betri za mwanzo hazikuwa na kosa lolote. Pesa ya shangazi nimeilipa, msinitazame hivyo.

Sasa, mhadhiri yule hakusema uongo. Kwake, kaskazini mwa ikweta kwa digrii 50 na kitu, jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Paneli isipoelekea kusini huko ni pambo. Yeye alifundisha mbingu ya kwao. Kosa ni langu niliyeichukua mbingu yake nikaiezekea nyumba ya Pate. Wazee wa bahari walishasema: usisafirie nyota ya mwenzio. Hata Vasco da Gama, pamoja na zana zote alizotoka nazo Ureno, alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498 alihitaji apewe rubani anayeijua bahari hii ndipo avuke hadi Calicut. Upepo wa kwenda India ulikuwa ndio unaanza. Rubani alijua. Mgeni hakujua.

Hilo ndilo nililokuja kuwaambia wahadhiri. Masomo yenu yafika Lamu. Yafika vizuri kuliko hata mboga. Ila hakuna linalotoka Lamu likawafikia nyinyi, na somo la upande mmoja huja na makosa ya fremu yangu.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni mtoto wa somo la mtandaoni na silitukani. Wakati wa baba yangu, kijana wa Faza aliyetaka kuijua seli ya silikoni ilimlazimu apate nafasi chuo kikuu, apate karo, apate pa kulala Nairobi au ng'ambo. Leo ana simu. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kilifungua somo la nishati ya jua kwa yeyote mwenye intaneti, na watu makumi ya maelfu wakajiandikisha duniani kote. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Arizona State wameweka mtandaoni kitabu kizima cha sola, chenye vikokotoo ndani yake, na hakuna anayekudai senti. Mtu aliyetumia maisha yake akiipima seli moja anakufundisha wewe darini kwako, umevaa kikoi. Hiyo ni neema.

Wala ushirikiano wa vyuo kwa njia hii si mgeni Afrika. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika kilianza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, kikaja kuwa na makao Nairobi. Miaka ya 2000 Chuo cha MIT cha Marekani kilishirikiana na Makerere, Dar es Salaam na Obafemi Awolowo katika maabara za mbali: mwanafunzi yuko hapa, kifaa kiko kule, anakiendesha kwa kompyuta na majibu yanamrudia. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, hata waliokuwa wakiyacheka masomo ya mtandaoni wakajikuta wanafundisha wakiwa sebuleni na kuku wanawika nyuma. Na mwaka 2023 nchi yetu ikapata Chuo Kikuu Huria cha Kenya. Wenzetu wa Tanzania walikuwa na chao tangu 1992; tumechelewa, haidhuru.

Na tukitafuta mbali zaidi, pwani hii imewahi kushirikiana na chuo kikuu katika mambo ya jua kabla wengi wetu humu hawajazaliwa. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Chuo Kikuu cha Roma kilikuwa na jukwaa la kurushia setilaiti baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Ikaitwa Uhuru. Nguvu yake ilitoka kwenye paneli za sola. Kwa hiyo sola ilipita hapa kwetu ikielekea mbinguni, na ikachukua miaka mingi kushuka hadi kwenye paa la shangazi yangu. Huwa nalifikiria hilo nikiwa juu ya ngazi.

Turudi kwenye mzigo. Jahazi la Lamu lilikuwa likipakia boriti za mikoko, likaenda nazo Arabuni na Ghuba, na halikurudi tupu. Lilirudi na tende, mazulia, chumvi. Nahodha aliyerudi na ngama tupu alikuwa na la kueleza. Mtandao huu wetu wafanya kinyume. Waleta tu. Ukiniuliza Lamu ina boriti gani za kupakia, nitakutajia chache, na nitaanza na chumvi.

Fremu ya paneli ni alumini. Fundi asiye na hadhari huifunga kwa bolti ya chuma cha kawaida. Bara, bolti hiyo yaweza kukaa miaka. Hapa, umande wa bahari ukitua kati ya metali mbili tofauti, maji ya chumvi yanazifanya ziwe kama betri ndogo, na metali moja inamla mwenzake; bolti yenyewe nayo yaliwa na kutu. Nimefungua bolti Kizingitini ambayo kichwa kilibaki mkononi mwangu kama biskuti. Kipo kipimo cha kimataifa cha ukungu wa chumvi, IEC 61701, ambacho paneli hupitishwa kwenye chumba maalumu cha kunyunyiziwa. Vizuri sana. Lakini chumba hakina kusi. Hakina mchanga wa Shela unaopeperuka ukakwaruza kioo. Hakina kunguru.

Mnacheka, lakini kunguru ni somo la uhandisi. Paneli ya kawaida imegawanywa sehemu tatu, kila sehemu na dayodi yake ya kupitishia umeme pembeni. Kunguru akitupa chake juu ya seli moja tu, seli hiyo inaziba njia ya wenzake na theluthi nzima ya paneli yaweza kukuaga. Ndiyo sababu hapa kwetu huilazi paneli chali kabisa hata kama hesabu ya pembe yasema ni karibu sawa. Unaiinua digrii 10 hivi ili mvua ya masika iisafishe. Mvua isiponyesha, ni wewe na ndoo, asubuhi na mapema, kioo kikiwa bado baridi. Hayo sikuyapata katika wiki zile nane.

Kisha joto. Watu wengi, hata wenye paneli, wadhani jua kali ndiyo sola nyingi. Paneli yataka mwanga, joto haliitaki. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa paneli zilipimwa kiwandani ikiwa na digrii 25. Kwa kila digrii inayozidi, ile ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.4. Iweke juu ya mabati ya Mokowe saa saba mchana, ifike digrii 60, na paneli yako ya wati 400 imekuwa ya wati 344 hata kabla kunguru hajafika. Ukiiinua kidogo ipate upepo chini yake, unarudisha sehemu ya hasara hiyo. Ukiiinua sana, kusi inaingia chini na kuing'oa. Kiasi gani basi? Hilo ndilo swali ambalo chuo kikuu cha Ulaya hakiwezi kulijibu kikiwa Ulaya, na mimi siwezi kulijibu nikiwa na simu peke yake. Sote wawili tukiwa na paa moja lenye vipimo tutalijibu mwaka mmoja tu.

Betri ya risasi na asidi ndiyo inayoumia zaidi. Kadirio la mafundi ni kwamba kila digrii 10 juu ya 25 zinapunguza umri wake kwa nusu. Mwongozo unasema miaka minane. Nyumba ya bati inasema mitatu, na mwenye nyumba anadhani kaibiwa na fundi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni paa. Moja la Lamu, la mawe ya matumbawe na chokaa, na moja la mabati upande wa bara. Yafungwe paneli zenye pembe mbalimbali, vipima joto, kipima miale, na data yote itumwe mtandaoni wazi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, wa Mombasa, wa Delft, wote wasome namba zile zile. Mwanafunzi wa Uholanzi apewe zoezi la nyumbani la Lamu: eleza kwa nini paneli inayotazama kusini imefifia mwezi wa Juni. Akilikosa, asijali. Nililikosa mimi na nimezaliwa hapa. Nasema paa la mawe nikijua kuwa Mji wa Kale uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001 na huwezi kutundika kioo popote upendapo. Hilo nalo ni somo, kuweka sola katika mji wa zamani bila kuuharibu sura, na waliobobea ndani yake ni wachache mahali popote.

Ombi la pili ni la mkono.

Masheikh mtaniwia radhi nikiegemea kwenye yenu. Pale Riyadha, msikiti na chuo chetu cha dini, tangu enzi ya mwanzilishi wake Habib Swaleh, mtu hakuwa akihesabiwa amekisoma kitabu kwa kuwa amekiona. Alikisoma mbele ya sheikh, akasahihishwa, na alipoiva akapewa ijaza, idhini ya kufundisha, na sheikh naye alikuwa na ijaza ya sheikh wake. Miswada ya Riyadha yenyewe sasa imepigwa picha kwa msaada wa programu ya Maktaba ya Uingereza ya kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na aliye Jakarta aweza kuifungua usiku huu. Lakini kuifungua si kuisoma kwa sheikh, na hakuna anayevichanganya viwili hivyo.

Katika sola twavichanganya kila siku. Cheti changu kile kilikuwa cha kufungua. Sheria ya Kenya inalijua jambo hili kuliko vyuo vinavyolijua: kanuni za sola za mwaka 2012 zinataka fundi awe na leseni, na leo inatolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kwa daraja. T1 ni ya mifumo midogo ya nyumbani, T2 ni ya wastani, yenye paneli na betri kadhaa, T3 ni ya mifumo mikubwa na ile inayounganishwa na gridi. Mwenye cheti cha mtandaoni hata akiwa na kumi, hajawa T1. Basi kwa nini vyuo visiitengeneze njia moja? Nadharia mtandaoni, mikono kwa fundi aliye karibu anayetambuliwa na chuo, mtihani wa mwisho uwe wa kufunga na kufungua nyaya mbele ya macho ya mtu, na ukitoka hapo uwe tayari kwa leseni. Fundi yule alipwe kama mwalimu. Msimwite "msaidizi wa nyanjani" mkampa soda.

Kule Kinyasini, Unguja, shirika la Barefoot College limewafundisha sola akina mama wa vijijini, wengine wasiojua kusoma, kwa rangi za nyaya na kwa vidole, nao wamerudi kwao wakawasha taa. Mimi niliyesoma hadi usiku wa manane nilifunga paneli zikatazama kinyume. Sisemi tuache nadharia. Mlisikia kuwa ni hesabu iliyonitoa shimoni. Lakini hesabu ilinijia baada ya mzee kuniuliza, na mzee aliniuliza kwa sababu alikuwa anapita njia.

La tatu ni lugha, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo linaponiuma.

Hatuna upungufu wa maneno tunaodhani tunao. Kijana wa Lamu ukimwambia umeme una mkondo, ameshaelewa nusu ya somo. Anajua mkondo ni nini. Umemchukua mara moja akaogopa. Nikimfundisha kwa nini waya mwembamba unakula umeme, simfungulii kitabu. Namuuliza: pale Mkanda, mlango wetu mwembamba wa bahari, maji yakiwa yamekupwa, vyombo vinapitaje? Kimoja kimoja, vinakwaruza mchanga, na vingine vinangoja. Maji yakijaa? Vinapita. Waya mwembamba ni Mkanda maji yamekupwa. Mfumo wa volti 12 unapeleka mkondo mkubwa kwa kazi ndogo, kwa hiyo wataka mlango mpana. Ukipandisha hadi volti 48, kazi ile ile inapita kwa robo ya mkondo. Somo hilo ni dakika tano. Kwa Kiingereza nililisoma wiki mbili nikakariri bila kuelewa.

Kwa hiyo vyuo vinaposhirikiana, visishirikiane katika kutafsiri tu, mtu wa mbali akiandika na sisi tukigeuza maneno. Somo la Kiswahili litungwe kwa Kiswahili, na liwe fupi la kusikilizwa. Nimepiga hesabu: sauti ya kawaida ya mazungumzo, saa nzima, ni kama megabaiti 14. Video ya saa nzima yaweza kuwa mara 40 ya hapo. Mvuvi wa Kiwayu hatanunua bando la kumtazama mhadhiri akipanga karatasi. Mpelekeeni sauti na picha sita za nyaya. Atasikiliza chomboni, atamrushia na mwenzake, na kabla hamjajua mna darasa la watu msiowaandikisha. Mwanamke mwenye watoto naye atasikiliza akikuna nazi. Mkitaka wote waingie kwenye kikao cha moja kwa moja saa kumi alasiri, mtapata wale wasio na kazi.

Juu ya kuhamisha alama kutoka chuo hadi chuo sitasema mengi, wataalamu wake wamo humu. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo, na mwaka 2017 marais wa jumuiya walitangaza kuwa eneo letu ni moja katika elimu ya juu. Karatasi zipo. Msichana wa Siyu anayesoma nusu ya kozi Kilifi na nusu Arusha bila kutoka Siyu, huyo bado sijamwona.

Kijana mmoja pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza: kazi iko wapi? Swali la haki. Pale Langobaya, nyuma ya Malindi, kuna shamba la sola linaloweza kupeleka megawati 40 kwenye gridi, na Garissa liko jingine la megawati 50. Mkafunzwe huko, ni madarasa mazuri. Lakini shamba la sola likishajengwa halihitaji watu wengi. Paneli hazitembei, zinasafishwa na kulindwa. Mimi nadhani kazi ya Lamu iko kwenye vitu vidogo: barafu ya samaki, pampu ya kisima, friji ya chanjo zahanatini, injini ya mashua. Mradi wa serikali wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi umeiweka Lamu katika kaunti zake 14. Vifaa vitakuja. Suala ni nani atakayevifungua vikiharibika, au tutangoja fundi avuke kutoka Nairobi wakati samaki wanaoza.

Piga hesabu ya barafu uone. Kuligeuza kilo moja ya maji ya digrii 28 kuwa barafu, lazima uyatoe joto la kama saa-kilowati 0.125. Mashine nzuri hutumia umeme pungufu ya hapo kwa sababu kazi yake ni kulihamisha joto. Mvuvi anayetoka na kilo 100 za barafu anabeba chomboni hesabu ambayo ni mtihani mzima wa mwaka wa pili. Kamba wa Kizingitini wanafika Nairobi wakiwa hai au hawafiki. Mtungieni mwanafunzi mtihani huo.

Na tusisahau kuwa mji huu umeulizwa swali la nishati kwa sauti kubwa. Ulikuja mpango wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, pale Kwasasi. Wengine humu mlikuwa upande wa kukataa, wengine mlikuwa mnangojea ajira, na mmekaa safu moja leo, alhamdulillah. Juni 2019 jopo la kitaifa la kuamua kesi za mazingira likaifuta leseni yake. Tangu siku hiyo kila mgeni anayetua huuliza: sawa, makaa hamtaki, mwataka nini? Nimechoka kujibu kwa mdomo. Nataka nijibu kwa wanafunzi.

Nimesema ya kutosha. Saa sasa ni sita kasoro dakika tano. Kuna jambo nataka mlione kwa macho, hasa nyinyi wageni wetu mliotoka kaskazini ya dunia. Jua la Lamu halifiki juu kabisa saa sita kamili. Hufika kama saa sita na robo, maana saa zetu zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45 na sisi tuko karibu na 41. Kwa hiyo tuna dakika 20. Huko darini nimesimamisha fimbo ya ubavu wa mnazi, imenyooka, nimeipima. Kwenu kivuli cha adhuhuri huanguka upande wa kaskazini, maisha yenu yote. Njooni mkakione kimelala upande wa kusini. Ngazi ni nyembamba na kipago cha tatu kina nyufa. Mama zangu shikeni ukuta, na mwenye viatu virefu aviache hapa kwa yule kijana. Atavilinda.